Lawama ya mitumba imeshukia bega lisilo lake

Agosti 2023, akizindua viwanda mjini Mbale, Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba Uganda itapiga marufuku nguo za mitumba. Sababu aliyoitoa ilienea kuliko tangazo lenyewe: hizo ni nguo za wafu, Mzungu akifa nguo zake hukusanywa zikaletwa Afrika. Mwaka mmoja kabla, Juni 2022, Raila Odinga alisema maneno ya namna hiyohiyo Nairobi siku alipozindua manifesto yake ya urais. Wauzaji wa mitumba walimjia juu, ikabidi afafanue alichomaanisha. Wala viongozi hao hawakutunga jambo jipya. Tanzania ya miaka ya 1980 mitumba iliitwa kafa Ulaya, na aliyeivaa aliomba asiulizwe ameitoa wapi.

Hoja hiyo kongwe ya heshima siku hizi haisimami peke yake. Imepata msaada kutoka kwa watu ambao hakuna aliyewategemea, yaani wanamazingira wa Ulaya, waliokuja na picha za Mto Nairobi na dampo la Dandora, vitambaa vya polista vimenasa kwenye matope, wakasema mitumba ni ujanja wa nchi tajiri wa kutupa taka zake kwa jina la msaada. Mwanasiasa wa huku na mtafiti wa kule wamefikia neno moja: izuiwe. Anayebaki kujibu ni mama wa soko la Karume, Dar es Salaam, au la Gikomba, Nairobi, mwenye belo moja alilolinunua kwa mkopo wa kikundi. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, na nitajaribu kuzitendea haki. Lakini naona zote mbili zinamnyoshea kidole mtu ambaye, kwa miaka arobaini sasa, amekuwa akifanya kazi ileile ambayo wanamazingira wanaihubiri.

Upande wa marufuku una jambo zito kuliko hilo la wafu, nalo ni viwanda. Tanzania ilikuwa na Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Polytex ya Morogoro, Sunguratex. Kenya ilikuwa na Rivatex ya Eldoret na Kicomi ya Kisumu. Mwanauchumi Garth Frazer, katika utafiti uliochapishwa 2008, alikadiria kwamba uingizaji wa nguo zilizotumika unaeleza takribani asilimia 40 ya anguko la uzalishaji wa nguo barani Afrika, na asilimia 50 ya ajira zilizopotea katika sekta hiyo, kati ya 1981 na 2000. Mtetezi wa mitumba hana ruhusa ya kuzifumbia macho namba hizo. Watu waliofundishwa kusokota uzi, kufuma, kutia rangi na kutengeneza mashine walirudi nyumbani na ujuzi usio na pa kwenda, na wengi hawakupata nafasi ya kuwarithisha watoto wao.

Hata hivyo, asilimia 40 inaacha 60 nje. Tanzania ilipolegeza masharti ya biashara 1984, viwanda vyake vilikuwa tayari vinafanya kazi chini kabisa ya uwezo: umeme wa kukatika, vipuri vya kusubiri fedha za kigeni, mashine zilizolala kwa kukosa kifaa kimoja. Wanaoikumbuka miaka ile wanakumbuka foleni za kanga na rafu tupu za maduka ya ushirika. Mitumba iliingia kwenye nchi yenye njaa ya nguo, na iliwakuta watu waliokuwa tayari kuvaa chochote chenye vifungo.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kwa hatua hadi ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao, fursa za AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, zikatishiwa, na Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi. Ushuru wake ulipanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuingiza nguo bila ushuru. Naiheshimu Rwanda kwa hilo, maana hakuna nchi inayopaswa kulazimishwa na mwenye nguvu kununua nguo kuukuu zake. Haki ya kukataa ni jambo moja, na kama kukataa kunaleta kile kinachotarajiwa ni jambo jingine, nitalirudia.

Sasa hiyo heshima. Ipo sehemu yake ninayoikubali bila kusita. Nguo ya ndani iliyovaliwa na mtu usiyemjua, soksi zenye matobo, shati lenye doa la damu: hakuna anayepaswa kuuziwa vitu hivyo, na Shirika la Viwango Tanzania lilifanya sawa kupiga marufuku nguo za ndani zilizotumika. Hapo tunazungumzia usafi na afya. Lakini tukisema nguo ya marehemu ni aibu, tunawasingizia wazee wetu. Katika jamii nyingi za Tanzania na Kenya, msiba unapomalizika, iwe ni siku ya arobaini au siku ya kuanua tanga, ndugu hukaa wakagawana nguo za aliyeondoka. Mjomba anapewa koti, mpwa anapewa viatu, na anayepewa hulivaa koti lile kwa fahari kwa sababu limembeba mtu aliyempenda. Waislamu wengi huzitoa sadaka. Nguo ya mkubwa kumshukia mdogo wake, kisha mdogo wa mdogo, haijawahi kuhitaji utetezi nyumbani kwetu. Wanaolitumia neno wafu jukwaani wanajua litachoma, ila linakwenda kinyume na desturi yenyewe wanayodai kuilinda.

Serikali zetu pia zina historia ya kupima heshima kwa mavazi ya wananchi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai ngozi na lubega zao ili wavae suruali, na Januari 1969 Operesheni Vijana ikaanza kuwaandama wasichana wenye sketi fupi mitaani Dar es Salaam. Mara zote mbili mwenye mwili hakuulizwa anaonaje.

Ukitaka kuujua msimamo wa utamaduni wetu juu ya kitambaa, fuatilia maisha ya kanga. Inapokuwa mpya ni ya kutokea: harusini, kwenye maulidi, kumtazama mzazi. Ikipauka inakuwa ya nyumbani. Baadaye ni mbeleko, halafu inachanwa winda za mtoto, kisha tambara la kushikia sufuria, mwisho dekio. Hakuna hatua katika safari hiyo ambapo mtu anasimama akasema sasa hii ni taka. Hayo ni maadili ya mazingira yaliyokuwepo kabla ya semina za mazingira, na waliyatunza wanawake ambao hakuna aliyewaandika popote.

Tena desturi hiyo ni ya zamani kuliko kanga. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kazi ya wafumaji wa Kiislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo. Walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini kwa rangi walikuwa na njia yao: walichukua vitambaa vya rangi vilivyotoka Cambay, India, wakavifumua uzi mmoja mmoja, wakaufuma upya uzi ule pamoja na uzi wao mweupe. Kitambaa cha kigeni kilivunjwa kikajengwa kuwa cha Sofala. Fundi wa Gikomba anayelikata koti la majira ya baridi la Ujerumani akatoa sketi mbili na mfuko wa shule anafanya kazi ya ukoo huohuo, umbali wa miaka mia tano. Na mfumaji wa pwani hakuuawa na nguo kuukuu. Aliyemmaliza ni merikani, kitambaa kipya cha bei ya chini kilichoanza kumiminwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, katika miaka ya 1830, kikafuatwa na vya Manchester na Bombay. Naomba msomaji alishike jambo hili la kitambaa kipya cha bei ya chini, kwa sababu litajirudia.

Hapa ndipo hoja ya wanamazingira inapokuwa na nguvu kuliko watetezi wengi wa mitumba wanavyokubali. Desturi ya kuitumia nguo hadi mwisho haikuwa na madhara kwa sababu mwisho wenyewe ulikuwa udongo. Dekio la pamba likitupwa nyuma ya nyumba, mvua za misimu michache zinalimaliza. Polista ni plastiki, na leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani kwa mwaka ni polista. Tambara la polista halirudi udongoni; linakatika vipande vidogo vinavyoingia mitaroni, mitoni, hadi baharini. Kwa hiyo mama anayefanya vilevile kama bibi yake alivyofanya anapata matokeo ambayo bibi hakuyapata, na hakuna aliyemweleza kwamba kitambaa kimebadilika mikononi mwake.

Kiasi nacho kimebadilika. Kwa takwimu za Shirika la Mazingira la Ulaya, nguo zilizotumika zinazosafirishwa nje ya Umoja wa Ulaya ziliongezeka kutoka tani 550,000 hivi mwaka 2000 hadi karibu tani milioni 1.7 mwaka 2019, na asilimia 46 ya mzigo wa 2019 ililetwa Afrika. Watu wa kule wananunua zaidi, wanavaa mara chache zaidi, wanatupa mapema. Muuzaji yeyote mzoefu atakwambia kwamba belo la leo silo la miaka ya 1990: jinzi ni nyepesi, mishono inaachia, fulana inafika ikiwa imekwishalegea shingo.

Ni taka kiasi gani basi? Hapa kuna ugomvi wa namba unaostahili kutazamwa kwa karibu. Ripoti ya shirika la wanamazingira la Changing Markets Foundation ya Februari 2023 ilidai kwamba zaidi ya nguo moja katika kila tatu zinazopelekwa Kenya ni plastiki tena ni duni kiasi cha kuwa taka papo hapo. Mwaka huohuo chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Kenya kilitoa ripoti yake kikasema taka ni kama asilimia 2 tu. Kila upande una maslahi katika namba yake, lakini pengo la kutoka 2 hadi zaidi ya 33 haliwezi kuelezwa kwa maslahi peke yake. Linatokana na swali ambalo wengi hawaliulizi: taka huhesabiwa lini, na nani anaamua kwamba hii sasa ni taka?

Katika belo la Gikomba nguo bora huitwa kamera, na wanaozitaka hufika alfajiri kabla kamba hazijakatwa. Zinafuata za daraja la kati, kisha fagia, zile za kumwagwa chini na kuuzwa kwa shilingi chache. Fagia ikishindikana, pamba yake inakwenda gereji kufutia oili na mabaki mengine yanajaza mito ya kulalia. Mtafiti anayesimama kwenye belo linapofunguliwa anaona shati lisilo na vifungo akaandika taka. Kwa mwenye belo, shati hilo ni shati lisilo na vifungo, na mwenye vifungo ameketi hatua kumi kutoka hapo na cherehani yake. Kwa upande mwingine, mfanyabiashara anayehesabu alichokitupa siku ile ya kufungua hahesabu fagia iliyouzwa kwa shilingi ishirini ikavaliwa mwezi mmoja, kisha ikaishia Dandora. Yeye alishaiuza, kwake si taka. Ila mto hauangalii kama ilipita mkononi mwa mteja kwanza.

Tuseme kweli iko mahali fulani katikati, tupige hesabu ya pande zote mbili. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takribani tani 185,000 za mitumba. Theluthi yake ni zaidi ya tani 61,000. Kwa namba ya wafanyabiashara wenyewe, ile ndogo ya asilimia 2, ni tani 3,700, yaani tani kumi kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hata tukiipokea hesabu inayowapendeza wauzaji, kila asubuhi kuna lori la nguo zisizofaa ambalo Wakenya wanalilipia kulibeba, kulifukia au kulivumilia mtoni. Namba hiyo ndogo inatosha kabisa kutufanya tuulize bili hiyo ni ya nani.

Tumwangalie anayeilipa kwanza. Belo la kilo 45 hununuliwa likiwa limefungwa. Mnunuzi anaambiwa ni magauni ya daraja la kwanza, analipa, anakata kamba, ndipo anapojua. Likiwa bovu hakuna wa kumrudishia, kwa sababu aliyemuuzia naye alilinunua limefungwa, na aliyelichambua yuko Ulaya, Canada, Karachi au Sharjah. Fedha aliyoitumia huwa ni ya kikundi, na marejesho ya wiki hayasubiri. Kumwita mtu huyu wakala wa taka za Ulaya ni kumuonea mara mbili. Ndiye aliyedanganywa wa kwanza, na kila kipande kibovu kilichomo kimetoka mfukoni mwake kabla hakijafika mtoni. Hana sababu hata moja ya kuitaka taka hiyo. Mwenye faida nayo ni aliyeipakia, maana kule kuitupa kunagharimu fedha na huku inapimwa kwa kilo pamoja na nguo nzima.

Wanaosema marufuku itamaliza tatizo wanajiwekea picha kwamba belo likizuiwa Mombasa, nafasi yake itajazwa na shati la pamba la Mwatex. Rwanda inatuonyesha vingine. Baada ya ushuru kupanda, viwanda vya Kigali vilipata nafasi kiasi, na hilo ni jema. Lakini sehemu kubwa ya pengo imejazwa na nguo mpya za bei ya chini kutoka China, na nyingine za mtumba zinazopita njia za panya kutoka Goma, Kongo. Hata Kenya yenye mitumba imejaa nguo hizo mpya: gauni la polista linalong'aa, likifuliwa mara sita linageuka kitu kingine. Ni merikani ya zama hizi. Kwa mazingira, hapo hatujaokoa chochote. Jinzi ya mtumba yenye miaka miwili mbele yake tumeibadilisha na plastiki mpya yenye miezi sita, iliyotumia mafuta na umeme kutengenezwa, na mwisho wake ni Dandora ileile. Aliyeondolewa kabisa ni fundi, kwa sababu nguo ile haitengenezeki.

Kenya ililionja jambo hili 2020, ilipozuia mitumba kuanzia mwanzoni mwa janga la korona hadi Agosti. Ushonaji wa barakoa ulishamiri, ndiyo, ila viwanda vya mashati havikuota katika miezi ile, na kilichoonekana wazi ni idadi ya nyumba zilizokuwa zikila kutokana na belo. Taasisi ya Masuala ya Uchumi ya Nairobi ilikadiria watu kama milioni mbili wameajiriwa katika biashara hiyo. Hata kama makadirio hayo yana ukarimu ndani yake, ni watu wengi mno wa kuwatoa kafara kwa ajili ya usemi wa jukwaani.

Kama lengo ni mazingira, pa kuanzia ni kwenye belo. Ufaransa imekuwa ikiwatoza watengenezaji na wauzaji wa nguo fedha za kushughulikia nguo zikichakaa tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha kwamba nchi wanachama zote zifanye hivyo. Fedha hizo hulipwa kwa ajili ya maisha ya nguo hadi mwisho. Nguo ikivuka bahari, fedha zinabaki kule na mwisho unakuja huku. Hilo ndilo deni la kudai, na serikali hizo nne za Jumuiya, yaani Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, zikilidai kwa sauti moja zitakuwa na nguvu ambayo hazikuwa nayo mwaka 2018, kwa sababu safari hii zitakuwa zinadai haki iliyomo ndani ya sheria za Ulaya zenyewe. Pamoja nalo, belo lifunguliwe na kukaguliwa kabla halijapanda meli, liandikwe jina la aliyelichambua, na mnunuzi aliyepakiwa uchafu awe na pa kuurudisha. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa taka ya 2022 tayari inatambua wajibu wa mzalishaji, kwa hiyo mlango wa kisheria si wa kutafuta.

Viwanda navyo vinastahili kupiganiwa kwa ajili yao wenyewe, pasipo kumsingizia muuza mitumba. Pamba ya Shinyanga na Simiyu hulimwa kwa mvua, haijakausha ziwa la mtu kama pamba ya Asia ya Kati ilivyolikausha Aral, na bado sehemu kubwa yake husafirishwa ikiwa ghafi. Kuna nguo ambazo mtumba hauzigusi kabisa. Hakuna bibi harusi anayepewa doti ya kanga iliyovaliwa. Sare za shule, sare za polisi na wanajeshi, mashuka ya hospitali: huko serikali ndiyo mnunuzi au ndiyo inayoweka masharti, na ingeweza kuamua kesho kwamba kitambaa kiwe cha pamba ya nyumbani, kimefumwa nyumbani. Zabuni hizo husainiwa Dodoma, Nairobi na Kampala kila mwaka, na hakuna belo hata moja la Gikomba au la soko la Owino, Kampala, linaloshindana nazo.